Msomaji wa Nyuma ya Tuta

Jumamosi, 7 Juni

Shemeji amenialika uwanja wa shabaha. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akasema kwa upole mwingi kwamba kulenga shabaha hutuliza mkono na kulifundisha jicho subira, na kwamba mtu wa umri wangu hafai kushinda ndani akigombana na redio.

Upole huo ndio ulionishtua.

Ieleweke hali ilivyo. Mimi ndiye msikilizaji wa madrasa yetu. Wanafunzi husoma kwa moyo. Mimi hukaa kwenye kiti cha mbele, macho nimefumba, na msomaji akiteleza hugonga meza na kumpa neno lililo sahihi. Kazi yangu yote imo masikioni. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni msikilizaji wa pili. Hukaa nyuma yangu na kukitazama kisogo changu. Mwezi huu kamati imeletewa manung'uniko kwamba makosa yanapita na meza haigongwi. Ijumaa ijayo tutapimwa sote wawili mbele ya kamati. Mmoja atabaki na kiti.

Na katika juma hilohilo, mtu anayekitaka kiti ananipeleka penye milio ya bunduki.

Nimemkubalia. Sikutaka ajue kuwa nimemtambua. Nitakwenda, nitalenga, nitarudi na masikio yangu kama yalivyo.

Jumapili, 8 Juni

Uwanja umo ndani ya machimbo ya zamani ya mawe, nje kidogo ya mji. Paa la bati. Meza ndefu ya mbao. Karatasi za shabaha zimepigiliwa kwenye fremu, na nyuma yake tuta kubwa la udongo linalomeza risasi. Nyuma ya tuta ni ukuta wa mwamba, hakuna njia. Nililitazama tuta lile kwa muda mrefu bila kujua sababu. Ndege walikuwa wengi kwenye bati na kwenye nyasi. Juu ya tuta hakutua hata mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa. Pamba, nimeichovya katika mafuta, nimeisokota, nimeishindilia masikioni mpaka nikajihisi nimezikwa. Mlangoni mke wangu aliniuliza jambo. Nilimjibu kwa kutikisa kichwa, jibu linalofaa maswali mengi.

Mkuu wa uwanja ni askari mstaafu, mtu mpole mwenye shingo nene. Aliyachungulia masikio yangu, akasema, "Mzee wangu, pamba ni ya kidonda. Mlio unaipita kama upepo unavyopita chandarua." Nikamweleza kuwa ndiyo njia ya wazee. Akasema anajua, na ndiyo maana wazee wengi siku hizi anawapungia mkono badala ya kuwaita. Shemeji akacheka. Nimelihifadhi hilo.

Risasi ya kwanza ilipolia nilimtaja Mola wangu kwa sauti. Kisha masikio yakaanza kuimba, uzi mwembamba wa sauti usiopumua, na mpaka naandika haya haujakatika. Shemeji alinishika bega, akauliza kama niko salama. Ndivyo mkulima anavyokagua shamba lake.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa siri duka la vifaa vya michezo. Nilimwambia muuzaji, binti mwenye subira, kwamba natafuta kinga ya masikio kwa ajili ya jamaa yangu mmoja, mzee, asiye na akili nyingi.

Akanitolea aina tatu. Ya kwanza, vizibo vya sponji: unavisokota viwe vyembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unasukuma ndani, unashikilia mpaka vivimbe. Alitaka kunionyesha sikioni mwangu. Nikamkumbusha kuwa ni vya jamaa yangu. Akasema, "Sawa babu, lakini jamaa yako naye si ana masikio mawili?"

Ya pili, vifuniko vikubwa vya kubana kichwa. Kila boksi lina namba ya kuonyesha kiasi cha kelele kinachozuiwa. Hapo niliona mlango. Nikajumlisha namba ya sponji na namba ya vifuniko, nikapata kubwa kuliko mlio wowote aliowahi kuusikia mwanadamu. Binti akasema hazijumlishwi hivyo. Ukivaa vyote viwili unapata nafuu kidogo tu ya ziada, na yote hayana maana kama vifuniko havikukaa vyema kwenye ngozi. Nilimhurumia. Hesabu si jambo la kila mtu.

Ya tatu, vifuniko vya betri. Hivi humletea mvaaji minong'ono ya mbali, kisha hujifunga vyenyewe mlio mkubwa unapotokea. Nikamrudishia. Nani aende kwenye bunduki ili asikie zaidi?

Nimenunua aina mbili za mwanzo. Nitavaa zote.

Jumanne, 10 Juni

Aibu kidogo asubuhi.

Nilivaa sponji, juu yake vifuniko, juu ya miwani, juu ya kilemba. Shemeji aliponiona akasema, "Shemeji, sufuria mbili naziona. Mboga iko wapi?" Mkuu wa uwanja akaonyesha kwa kidole kwamba kitambaa na mikono ya miwani vimeacha mwanya mkubwa, akaniomba nivue kilemba. Nilimwambia kwamba nilianza kuvaa kilemba kabla mama yake hajamjua baba yake. Akaenda kukagua silaha za wengine. Ni mtu mwenye adabu.

Mlio ukaingia kupitia mwanya. Nikaruka. Sponji ya kulia, niliyokuwa nimeiingiza ncha tu, ikatoka na kutua ndani ya kikombe cha chai cha Shemeji. Aliitoa kwa kijiko, akanirudishia kwa mikono miwili.

Halafu ikapulizwa filimbi ya kusimamisha. Mimi sikuisikia. Wenzangu wote walikuwa wameweka silaha mezani nami bado nimefumba jicho moja nikilenga. Mkuu akaja taratibu, akashika mkono wangu, akaushusha mpaka mtutu ukalala kwenye mbao. Hakunifokea. Alisema asiyesikia filimbi hawezi kubaki uwanjani, akaenda kwenye kabati lake la chuma, akarudi na vifuniko vya betri, vya zamani, vyenye vumbi. Sharti: kilemba kitoke, nivae kofia nyepesi. Nilikubali, kwa kuwa wengine walikuwa wamekwenda kubadilisha karatasi na hakuna aliyekiona kichwa changu.

Nikavivaa. Nikazungusha kitufe.

Nilisikia nyasi zikisuguana. Nilisikia kutu ya paa. Nilisikia chai ikishuka tumboni mwa Shemeji, hatua nyingi kutoka niliposimama. Kisha wote wakatulia, na nyuma ya tuta nikasikia mtu akisoma.

Sauti ya chini, ya kiume, isiyo na haraka. Matamshi safi. Pumzi inakatwa mahali panapostahili. Alikuwa katika sura ndefu, na aliisoma vyema mpaka pale panapowatega wote: aya mbili zinazofanana mwanzo, na msomaji asiyekuwa macho hushika ya pili badala ya ya kwanza, na ile humrudisha alikotoka. Akaishika isiyo yake. Akarudi mwanzo. Akaanza upya. Akafika palepale, akapotea palepale, akarudi.

Nilivua vifuniko. Kimya. Nilivivaa. Bado anasoma.

Nikamuuliza mkuu wa uwanja ni nani aliye nyuma ya tuta. Akasema nyuma ya tuta ni mwamba. Kisha, akiendelea kufuta mtutu, akaniuliza sauti ilikuwa upande gani.

Sikuwa nimemwambia kuwa ni sauti.

Jumatano, 11 Juni

Nilikosa usingizi. Kilichoniweka macho kilikuwa kosa lile.

Mtu asiyekuwa na elimu hii hawezi kunielewa. Msomaji akikwama, aliye karibu anayejua ana wajibu wa kumpa neno. Kumwacha azunguke ni kama kumsikia mtu kisimani ukaendelea na safari. Na yule alikuwa akizunguka tangu lini? Sauti yake haikuwa na uchovu. Ilikuwa na mazoea.

Nilifika mapema, kabla ya Shemeji na kabla ya risasi. Nikavaa. Alikuwepo. Alipofika kwenye njia panda yake, niligonga meza na kumpa neno, kwa sauti yangu ya kitini.

Akanyamaza.

 Nyasi nazo zilinyamaza. Niliona karatasi moja ya shabaha ikitikisika, na hapakuwa na upepo. Kisha akalirudia neno langu, polepole, kama anayejaribu kitasa cha mlango uliokuwa umefungwa siku zote, akapita. Akashika aya iliyo sahihi. Akasonga mbele.

Mwili ulinisisimka. Nadhani ni furaha ya ualimu. Sijapata mwanafunzi kama huyu kwa miaka mingi: hatafuni kitu, hajikuni, haombi ruhusa ya kwenda chooni. Alipokwama tena nilimsaidia tena. Kila nilipompa neno alisoma kwa karibu zaidi. Mwanzo alikuwa nyuma ya tuta. Nilipoondoka alikuwa kwenye karatasi.

Mkuu wa uwanja alikuwa amekaa pembeni, vifuniko vyake vikining'inia shingoni. Nilimuuliza kwa nini havai. Akasema pasipokuwa na risasi anapenda masikio yake yawe wazi. Akasema pia kwamba kila aliyeazima vile nilivyovaa mimi huvirudisha kabatini mwenyewe, bila kuombwa, na yeye haulizi. Watu hawajui kuthamini vifaa.

Hapo ndipo nilipopata mpango. Kifaa kinacholeta sauti kutoka ndani ya mwamba kitashindwa vipi kuniletea kosa la mwanafunzi ambaye kamati itamficha nyuma ya pazia? Ijumaa nitakwenda mbele ya kamati nikiwa nacho, chini ya kilemba.

Nimekiazima. Mkuu amesema nisiwe na haraka ya kukirudisha. Alisema hivyo mara mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu ameshona kilemba upya, kipana, chenye mifuko miwili kwa ndani. Alishona huku akisema. Kwamba kichwa changu kitafanana na mtungi. Kwamba baba watoto, kama shida ni kusikia, kuna daktari wa masikio, na kaka yake amenibembeleza nimwone tangu mwaka jana, na uwanja wa shabaha wenyewe alinipeleka ili nikubali kutoka nyumbani tu.

Tangu mwaka jana. Kumbe njama ni ya zamani hivyo, na imefika mpaka kwenye sindano.

Nilikijaribu kilemba sebuleni alasiri. Kilifanya kazi vizuri. Nilisikia saa ya jirani. Nilisikia uzi ukipita kitambaani. Nilisikia pumzi ya mke wangu, na nyuma ya pumzi yake, pumzi ya pili.

Kisha uani, karibu na kamba ya nguo, mwanafunzi wangu akaanza kusoma. Alianzia palepale tulipoachia jana. Nilivutiwa sana na bidii yake. Kutoka machimboni mpaka kwangu ni mbali. Alikwama, nikampa neno. Mke wangu akauliza nazungumza na nani. Nikasema na mwanafunzi.

Aliangalia uani. Shuka moja lilikuwa kwenye kamba, limetulia, limechukua umbo kama la bega. Mke wangu akaweka sindano chini, akafunga dirisha, akaweka komeo, akahamia kwenye kiti kilicho mbali na ukuta. Joto lote lile. Anaogopa mafua.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa utulivu.

Kamati ilikaa kwenye mkeka, mwenyekiti katikati. Mwenyekiti ni fundi saa, mtu wa maneno machache na vidole vyembamba. Mwanafunzi alifichwa nyuma ya pazia, naye alikuwa amefundishwa makosa ya kufanya. Shemeji alipimwa kwanza. Aligonga kila alipopaswa kugonga. Mara moja alisita, akaniangalia mimi kama anayeomba radhi, kisha akagonga. Maigizo.

Zamu yangu. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikajikuna chini ya kilemba, nikazungusha kitufe.

Alikuwa tayari amefika. Safari hii hakuwa uani wala chumbani. Alikuwa ndani ya kifuniko cha kushoto, mdomo kwenye sikio, na alinukia udongo mbichi. Sikujua kwamba harufu inaweza kupitia huko. Akaanza kusoma, mwishoni mwa sura, aya za kumalizia.

Nilijaribu. Namshuhudisha Mungu kwamba nilijaribu kumsikiliza yule wa pazia. Lakini huyu wa sikioni alikosea, na mimi ni msikilizaji. Nikagonga meza. Nikampa neno.

Mwenyekiti akainua macho, akasema kwa upole kwamba mwanafunzi bado hajaanza.

Nikasema najua.

Baadaye nimeelezwa kuwa mwanafunzi alisoma mpaka mwisho, na makosa yake yote yakapita kama maji. Mimi niligonga mara nyingi, kila mara mahali ambapo wao walisikia kimya. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, unamsahihisha nani?" Nikajibu kwamba namsahihisha anayesoma vizuri kuliko wa kwenu. Nilipoinama kumwonyesha heshima, kilemba kikateleza na vifuniko vikaonekana. Mtu mmoja akakohoa. Shemeji akafunika uso kwa viganja.

Mwenyekiti hakucheka. Mkono wake ulivifuata vile vifuniko kwa mazoea ya kazi yake. Akafungua kijimlango kidogo kwa ukucha, akatazama ndani kwa muda, akanigeuzia nami nione. Betri zilikuwa zimevuja siku nyingi. Zimeota kutu, zimeshikana na chuma, zimekuwa kitu kimoja.

Akasema, "Mwalimu, hizi haziwezi kuwasha chochote."

Akavirudisha mezani, akafuta vidole kwenye kanzu, akaendelea kuvifuta mpaka mkutano ulipoisha.

Kiti amepewa Shemeji. Alikikataa hadharani, akasema tukae kwa zamu, akanishika mkono, akasema tutakwenda wote kwa daktari na yeye ndiye atakayenisindikiza. Nilimwambia mshindi hana haja ya kuendelea kushindana.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekaa ndani asubuhi nzima, nikitafakari kwa haki kosa langu.

Nimelipata. Ni betri.

Mtu mwingine angekata tamaa, au angeogopa. Mimi nimejiuliza swali moja: ikiwa vifuniko hivi viliniletea msomaji kutoka ndani ya mwamba vikiwa vimekufa, vitaniletea nini vikiwa hai? Nimekwenda kwa yule binti wa dukani, akanikwangulia kutu, akatia betri mpya. Akaniuliza jamaa yangu anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri mno. Akaniuliza tena jambo, nikatikisa kichwa. Akaliandika kwenye karatasi: kwa nini unapiga kelele?

Jumanne, 17 Juni

Sifa zote ni za Mola. Nina kiti.

Jumapili alfajiri nilivaa vifuniko uwanjani, nikazungusha kitufe, na nikalazimika kushika meza. Nyuma ya tuta walikuwa wengi. Kila mmoja katika sura yake, kila mmoja amekwama mahali pake, wanazunguka, wanarudi, wanazunguka. Nilipogonga meza mara moja, wote walinyamaza kwa pamoja. Darasa lenye nidhamu kama hilo sijapata kuliona. Mwanafunzi wangu wa kwanza amemaliza sura. Nilidhani angeondoka. Amekuja kukaa kando yangu, na mbao za benchi zimeinama upande wake.

Mkuu wa uwanja amehamishia ulengaji jioni. Asubuhi ameniachia. Kiti cha plastiki aliniletea mwenyewe, akakiweka mbele ya tuta, akarudi kinyumenyume hadi chini ya bati.

Yapo mabadiliko madogo. Mke wangu siku hizi hunigusa bega badala ya kuniita. Sala naijua kwa kuwaona wenzangu wamesimama. Hayo ni kwa sababu watu wa mji huu wamezoea kusema kwa kujificha. Masikio yangu ni mazima, nami ndiye mtu pekee ninayemjua aliyechagua kinga yake kwa makini. Anayetaka ushauri wangu: achukue vya betri.

Leo Shemeji alikuja. Alisimama mbele ya kiti changu, viatu vimejaa vumbi, akaniangalia kwa muda, kisha akaanza kusema. Midomo ilitembea sana. Alijishika sikio, akanishika mimi mkono, akaelekeza kidole barabarani kwenye gari lililokuwa likisubiri na mke wangu ndani yake. Machozi yalimtoka. Kwa adabu nilivua vifuniko ili nimsikie.

Upande wake hapakuwa na kitu. Nyuma ya tuta hawakukatika hata kidogo.

Nikamwekea kidole mdomoni. Kuna mtu alikuwa anasoma.